Gari Linalogoma Kuwaka Mara Mojamoja: Namna ya Kumsaka Mchawi

Gari lililokufa kabisa lina afadhali. Ubovu umetulia mahali pamoja, unapima mpaka unaupata. Kazi iko kwa gari linalogoma Jumatatu asubuhi, Jumanne likawaka vizuri tu, na ukilifikisha gereji linawaka kwa nusu ufunguo fundi akiwa anaangalia. Hapo ndipo kamari huanza: leo betri mpya, mwezi ujao stata ya mtumba, kisha plagi, kisha pampu. Pesa inakwisha na gari bado linazingua.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli ya EFI (yale ambayo kompyuta ndiyo inayopima na kupulizia mafuta), hasa Toyota zenye injini ya 1NZ-FE (IST ya 1.5, Probox, Raum, Premio na Allion za 1.5), kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kwetu. Vipimo vya umeme vinafaa gari lolote la volti 12. Unahitaji mita ya dijitali, hata ile ya bei rahisi, spana namba 8, 10, 12 na 14, brashi ya waya, msasa laini, na mtu wa kugeuza ufunguo wakati wewe uko kwenye injini.

Linagoma vipi?

Kabla ya kufungua boneti, sikiliza. Ukigeuza ufunguo hadi mwisho na pakawa kimya kabisa, huku taa za dashibodi zinang'aa kama kawaida, amri haifiki kwenye stata. Ukisikia "tak" moja nzito halafu basi, amri imefika lakini mota ya stata haizunguki. Ukisikia "tatatatata" na taa za dashibodi zinafifia, umeme ni mdogo: betri imechoka au kiungo mahali fulani hakishiki. Na kama injini inazunguka kwa nguvu zake zote ila haishiki moto, achana na betri na stata. Tatizo liko kwenye mafuta, moto wa plagi au sensa.

Pamoja na mlio, andika kwenye simu mazingira ya kila mgomo: injini ilikuwa ya baridi au ya moto, gari lilikaa muda gani, mvua ilikuwa imenyesha, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi. Migomo mitatu minne ikishaandikwa hivyo, mchoro huanza kuonekana. Gari linalogoma asubuhi tu na linalogoma baada ya kusimama dakika 10 sokoni ni wagonjwa wawili tofauti, hata kama wenye magari wanalalamika kwa maneno yaleyale.

Betri, na nyaya zake

Pima betri ikiwa imepumzika usiku kucha. Kama gari limetembea muda mfupi uliopita, washa taa kubwa dakika moja, zima, subiri dakika chache, ndipo upime. Bila hivyo mita itakuonyesha chaji ya juujuu inayodanganya. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini huna betri ya kutegemea asubuhi.

Lakini volti za kupumzika hazitoshi. Betri inaweza kusoma 12.5 ikaanguka mara tu stata inapovuta. Kwa hiyo acha mita kwenye betri, chomoa fyuzi ya EFI ili injini isiwake, mwenzako apige stata sekunde 5. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 au 10 hivi. Ikishuka hadi 8 au 7, ichaji mpaka ijae kisha rudia kipimo. Ikianguka tena, imekufa. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na uipumzishe angalau nusu dakika, maana inapata joto haraka sana.

Kama betri yako ina vifuniko, angalia maji. Sahani zikiwa wazi, ongeza maji yaliyosafishwa, siyo asidi. Asidi huongezwa tu pale ilipomwagika. Hidromita (kipimo cha uzito wa asidi) ikionyesha chumba kimoja kiko nyuma ya vingine kwa zaidi ya 0.05 (mathalani vyote viko 1.26 na kimoja 1.18), chumba hicho kimekwisha na hakuna chaji itakayokiokoa. Joto ndilo linaloua betri. Baridi huja baadaye kutangaza tu kwamba imekufa, ndiyo sababu betri iliyochomwa na jua la Dar es Salaam inaweza kufanya kazi vizuri huko, ikakuabisha asubuhi ya kwanza ya Julai Njombe.

Kabla hujanunua nyingine, geukia vichwa vya betri. Hapa ndipo "mara linawaka, mara haliwaki" nyingi zinapozaliwa, hasa pwani ambako chumvi ya hewani haina huruma. Kichwa kinaweza kuonekana safi kwa nje huku ndani, pale panapogusana na nguzo ya betri, pana tabaka jembamba la kijivu linaloruhusu umeme wa taa na redio lakini linaziba amperi mia na zaidi ambazo stata inahitaji. Ukikishika na kukizungusha kwa mkono kikasogea, umeshampata mshukiwa. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Kwangua nguzo na sehemu ya ndani ya kichwa mpaka risasi ing'ae. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, haya haya ya kupikia kande, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Kausha, funga chanya kwanza, kaza, paka grisi kidogo kwa juu baada ya kukaza. Kuchomeka kipande cha bati au msumari ili kichwa kilicholegea kikaze ni kuahirisha mgomo. Nunua kichwa kipya.

Kisha pima nyaya zikiwa kazini. Wengi huruka kipimo hiki, na ndicho chenye thamani kuliko vyote kwa ubovu wa kuja na kwenda. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu igusishe nguzo yenyewe ya chanya ya betri (siyo kichwa kilichofungwa juu yake), nyeusi iguse skrubu nene ya stata unakofungwa waya mkubwa. Piga stata. Mita isome chini ya volti 0.5. Halafu upande wa athi, yaani njia ya kurudi hasi: nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini, nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Piga tena, isizidi 0.3. Ikisoma volti 1 au 2, umeme huo unapotelea njiani na stata inabaki na njaa. Sogeza ncha hatua kwa hatua, nguzo hadi kichwa, kichwa hadi mwisho wa waya, mpaka uone ni kiungo kipi kinachokula volti. Mara nyingi ni waya wa athi kati ya gari na injini au giaboksi, umeoza ndani ya gamba lake au ulirudishwa juu ya rangi na matope baada ya kushusha injini.

Injini ikiwaka, pima tena kwenye betri. Inatakiwa usome kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na isishuke chini ya 13.2 ukiwasha taa kubwa na feni ya AC. Chini ya hapo, alteneta (dinamo inayochaji betri) au mkanda wake ndio unaoiacha betri na njaa. Juu ya 15, regyuleta inayodhibiti chaji imeharibika na betri inachemshwa.

Betri ikiwa nzima jioni na imeisha asubuhi, kuna kitu kinakula usiku. Zima kila kitu, fungua boneti, toa ufunguo, funga milango. Ondoa kichwa cha hasi, weka mita katika tundu la amperi 10, iunge kati ya nguzo na waya, na usubiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Milliamperi 50 kushuka chini ni sawa. Ukiona 300 au 500, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Redio iliyofungwa na fundi wa mtaani, kifaa cha kufuatilia gari na taa ya buti ndio wa kuanza nao. Usiwashe gari wakati mita imeungwa hivyo, itaungua.

Tak moja, kisha kimya

Betri na nyaya zimepita mtihani lakini unasikia "tak" tu, na ukirudia mara nne tano linawaka. Huo ni ugonjwa wa stata, na dawa yake mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya stata nzima.

Juu ya stata kuna solenoidi, wengine huiita otomatiki. Ina skrubu mbili nene: moja inapokea waya wa betri, nyingine inapeleka umeme ndani ya mota. Kati yake kuna vipande viwili vya shaba, na "tak" unayoisikia ni kisahani kikijigonga kwenye vipande hivyo. Kila ukiwasha gari panatoka cheche, shaba inaliwa kidogo kidogo, na kwa kawaida upande mmoja unaisha kabla ya mwenzake. Basi kisahani kinagusa upande mmoja tu, au kinagusa kwa bahati. Ndiyo maana jaribio la tano linafanikiwa.

Kuthibitisha: ncha nyeusi ya mita kwenye chuma cha injini, nyekundu kwenye skrubu ya pili, ile ya upande wa mota. Mwenzako ageuze ufunguo mpaka gari ligome. Ukisikia tak na mita ikasoma sifuri au karibu yake, shaba hazipitishi. Ikisoma volti 9 au zaidi na mota imelala, basi kaboni zimeisha au sehemu inayozunguka ndani ya stata (mafundi huiita ama) imeungua. Kuigonga stata kwa mpini wa nyundo kunaweza kuliamsha gari katika hali zote mbili. Kukufikishe nyumbani, kusiwe matibabu. Na usigonge kwa nguvu, kwa sababu stata nyingine zina sumaku za kudumu ndani na hupasuka.

Stata za Denso zenye kifuniko cha duara nyuma ya solenoidi, kilichoshikwa na skrubu tatu, hufunguka kirahisi. Ondoa hasi ya betri kwanza, shusha stata, fungua kifuniko, chomoa kisahani na mti wake. Badilisha vipande vyote viwili vya shaba kwa pamoja na uhakikishe vimekaa kimo sawa, la sivyo umerudi ulikoanzia. Kisahani chenyewe kikiwa na shimo la kuungua, badilisha nacho. Solenoidi iliyobanwa kiwandani bila skrubu hubadilishwa nzima.

Kama hata tak haipo, tafuta waya mwembamba unaochomekwa kwenye solenoidi. Ufunguo ukigeuzwa, hapo panatakiwa pafike volti zinazokaribia za betri. Zikifika na stata ikakaa kimya, shusha stata. Zisipofika, rudi nyuma: gari la gia za otomatiki likigoma kwenye P jaribu N, na likiwaka kwenye N, swichi ya gia iliyo kwenye giaboksi imechakaa au imelegea. Baada ya hapo badilishana relei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na nyingine ya namba ileile kwenye boksi la fyuzi, kisha uishuku swichi ya ufunguo. Ukiona taa ya ufunguo kwenye dashibodi inaendelea kupepesa baada ya kuwasha swichi, gari halijautambua ufunguo. Jaribu wa akiba kabla hujagusa waya wowote.

Inazunguka lakini haishiki

Tenganisha asubuhi na mchana.

Likisumbua asubuhi, au baada ya saa kadhaa za kulala, halafu siku nzima likawa zima, jaribu hivi: piga stata sekunde 2, acha, subiri sekunde 5, piga tena. Likishika papo hapo mara ya pili kila siku, presha ya mafuta inavuja usiku. Toyota nyingi haziwashi pampu unapofungua swichi tu. Pampu huanza injini inapozungushwa, kwa hiyo ule ushauri wa kufungua na kufunga swichi mara tatu hausaidii kitu kwenye magari hayo.

Kwa geji ya presha ya mafuta, 1NZ-FE inatakiwa iwe na kPa 304 hadi 343, sawa na psi 44 hadi 50. Zima injini, subiri dakika 5: isishuke chini ya kPa 147, yaani psi 21. Ikianguka haraka kuna njia mbili, valvu ndogo ndani ya pampu imeshindwa kuzuia mafuta yasirudi tangini, au nozo, kile kinachopulizia petroli kwenye silinda, inadondosha. Kutofautisha, fungua plagi asubuhi kabla ya kuwasha. Moja ikiwa imelowa petroli na nyingine ni kavu, nozo ya silinda hiyo ndiyo mchawi. Zote zikiwa kavu, elekea kwenye pampu. Presha ikiwa chini hata injini ikiwa inaunguruma, chujio limejaa uchafu au pampu imechoka. Kutembea kila siku taa ya mafuta ikiwaka huichosha mapema, kwani petroli ndiyo inayoipoza.

Plagi zikiwa mkononi, zisome. Mwanya wa plagi za iridiamu za injini hii ni milimita 1.0 hadi 1.1, ukifika 1.3 cheche inaanza kuruka kwa shida, na asubuhi yenye unyevu ndiyo inayoonyesha. Usijaribu kuukunja mwanya wa iridiamu kwa bisibisi. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi kupita hewa. Wakati wa kurudisha, ingiza kwa vidole mpaka zikae, kisha plagi mpya yenye pete ya chuma (washa) izungushe karibu nusu mzunguko. Kaza injini ikiwa ya baridi.

Gari linalokubali kuwaka pale tu unapokanyaga mafuta, kisha sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inayumba, linaomba throto, mlango wa hewa ya injini, isafishwe. Utando mweusi kuzunguka kile kipepeo hupunguza hewa ya kuanzia. Toa bomba la hewa, nyunyizia dawa ya kusafishia throto kwenye kitambaa, futa kingo zote mbili. Kipepeo kinachoendeshwa kwa mota usikisukume kwa kidole wakati swichi imewashwa.

Sensa ya joto la maji ya injini ni ndogo, bei yake ni ndogo, na hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Ikiidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto wakati ni ya baridi, petroli inapungua na gari halishiki asubuhi. Ikisema baridi wakati injini inachemka, nozo zinamwaga mafuta mengi, plagi zinalowa, na gari linagoma baada ya kusimama kidogo. Chomoa soketi, pima omu katikati ya pini mbili: katika nyuzi 20 za Selsiasi iwe kilo-omu 2 hadi 3, na katika nyuzi 80 iwe 0.2 hadi 0.4. Injini ikishalowa mafuta, kanyaga pedali mpaka chini na kuishikilia huku unapiga stata. Magari mengi ya EFI hukata mafuta katika hali hiyo na silinda zinakauka.

Linazima au linagoma likiwa la moto

Umetoka safari, umesimama dakika 10, ukirudi injini inazunguka vizuri lakini haina hata dalili ya kushika. Baada ya nusu saa au saa moja linawaka kama jipya. Hapo anza na sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba. Waya ukiwa na ufa, joto huutanua na mawasiliano yanakatika, ukipoa unaungana tena. Bila ishara hiyo kompyuta haitoi cheche wala haifungui nozo, na pampu hainyanyuki. Angalia mshale wa mzunguko wa injini wakati wa kupiga stata: kwenye magari mengi hunyanyuka kidogo, ukilala kabisa kwenye sifuri, ni ushahidi mzuri. Mashine ya kusoma makosa inaweza kuonyesha P0335, kosa la sensa hii, lakini taa ya cheki injini isipowaka usiiondolee sensa hatia.

Kwenye 1NZ-FE iko chini, karibu na puli ya krenki, mahali ambapo oili ya sili iliyochoka huishukia. Gari likigoma, papo hapo chomoa soketi yake na upime. Ikiwa ya baridi inatakiwa isome omu 985 hadi 1,600. Ikiwa ya moto, 1,265 hadi 1,890. Mita isiposoma kitu, imekatika. Kama huna mita, mwagia sensa maji baridi nusu lita, taratibu, bila kulowesha mkanda wala alteneta, usubiri dakika 2 na upige stata. Likiwaka, umepata jibu.

Kubadilisha ni boliti moja ya spana 10. Safisha tundu kabla ya kuchomoa ili mchanga usiingie, paka oili kidogo kwenye pete ya mpira ya sensa mpya, isukume kwa mkono mpaka ikae yenyewe. Ukiivuta kwa boliti utaipasua. Waya wake urudishe kwenye vibanio vyake vyote, mbali na mkanda. Kisha usipime kazi yako injini ikiwa ya baridi, maana hata sensa mbovu ingewaka hapo. Tembeza gari nusu saa, zima, subiri dakika 10, piga stata. Rudia mara mbili.